Kabla hujachomeka: volti, ampea na ule waya unaousahau

Soma kibandiko kwanza. Kiko nyuma au chini ya mashine, kina V, A na W. Kikiwa kimefutika, usinunue.

Kisha jua hesabu mbili. Volti gawa kwa ampea, unapata ukinzani, yaani jinsi kitu kinavyozuia umeme kupita, kwa omu. Volti zidisha kwa ampea, unapata nguvu kwa wati. Umeme wa majumbani kwetu ni volti 230, kwa hiyo birika linalovuta ampea 8.7 ni la wati 2,000, na ukinzani wake ni omu 26 na kitu. Plagi ya miguu mitatu ina fyuzi isiyozidi ampea 13, yaani wati 3,000 hivi. Birika hilo na pasi ya wati 1,000 kwenye ekstensheni moja, umeshafika ukingoni.

Miliampea si ampea. Elfu moja ndizo zinafanya ampea moja. Ukikosea hapo, taa ya chumbani inageuka kiwanda cha mkonge.

Volti zipime mashine ikiwa inafanya kazi, na upimie kule iliko mashine. Hili nalisema kwa uchungu.

Wifi yangu alifungua kibanda cha chipsi Makorora, Tanga, wiki moja kabla ya Ramadhani. Mimi nilifaulu fizikia, basi nikajifanya ndiye mtaalamu wa ukoo. Mashine ya kukaangia iliandikwa wati 2,500. Nikagawa kwa 230, nikapata ampea 10.9, chini ya 13. Nikapima soketi ya nyumbani: volti 230, safi kabisa. Nikapiga kifua. Dukani nikachukua waya wa 0.75 (unene wa shaba yake, kwa milimita za mraba), mita 40, kwa kuwa ulikuwa rahisi na muuzaji aliapa kwamba unabeba mpaka friji. Kibanda kilikuwa mita kama 15 tu kutoka ukutani. Uliobaki nikauviringisha vizuri, nikaufunika kwa mfuko wa salfeti usilowe mvua. Nikajiona mwenye akili.

Siku ya kwanza chipsi zikatoka nyeupe, laini, zinachuruzika. "Wifi, mbona viazi vyangu vinakunywa mafuta kama kandili?" Nikamwambia viazi vibaya. Akabadilisha viazi. Nikamwambia basi mafuta. Akabadilisha mafuta, kwa hela yake. Siku ya tatu, jioni, watu wamepanga foleni, ikaja harufu ya plastiki inayoungua. Nilipofunua salfeti, zile duara za waya zilikuwa zimeshikana donge moja, kama halua iliyoganda kwenye sinia.

Fundi mzee wa mtaani hakunigombeza. Aliokota kipande cha boksi na mkaa, akaniuliza: "Mwanangu, mashine umeipigia hesabu. Waya je?"

Waya nao una ukinzani. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo mita 40 ni mita 80 za shaba. Shaba nyembamba kiasi kile ina omu 0.023 kwa kila mita. Jumla omu 1.8. Mashine yenyewe ni omu 21. Zijumlishe, gawanya 230 kwa jibu hilo, unapata ampea 10. Sasa zidisha ampea 10 kwa omu 1.8 za waya: volti 18 zimepotea njiani. Mashine inapata volti 212, sawa na wati 2,120 badala ya 2,500. Mafuta hayapati moto wa kutosha, ndipo viazi vikayanywa. Waya nao unakula wati 180 zake, na LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, inazihesabu kama zile zinazopika. Zaidi ya nusu ya joto hilo nililifungia ndani ya salfeti. Na waya wa 0.75 ni wa ampea 6, si 10. Soketi ilisoma 230 kwa sababu niliipima ukutani, kabla ya waya, tena pasipo mzigo. Umeme usipotembea, waya haupotezi kitu.

Tukaweka wa 2.5, mita 20, umenyooshwa wote. Zinapotea volti 3 tu. Viazi vya wifi havikuwa na kosa lolote, na hilo hunikumbusha kila Idi.

Basi pima urefu kabla ya kununua, na usiache waya umeviringishwa kama una mzigo mkubwa.

Kwa sisi wa pwani, kagua na maungio. Hewa ya chumvi inakula shaba, skrubu zinalegea, na pale panapogusana panaongezeka ukinzani. Nusu omu ni kitu kidogo mpaka ampea 10 zipite: wati 50 kwenye sehemu ya punje ya harage. Plagi ikiwa ya moto mkononi au imebadilika rangi, itoe.

Ukinzani wa mashine usiupime ikiwa imechomekwa. Mita ya kupimia umeme ikiwa upande wa ampea, usiichomeke kwenye soketi, utapiga shoti usoni mwako mwenyewe. Ile yenye mdomo wa kukamata waya ikamate waya mmoja. Ukikamata yote miwili itakusomea sifuri, nawe udhani umeme haupo.

Friji na feni hesabu hii haiwatoshi, maana zina mota. Volti mara ampea hutoa namba kubwa kuliko wati halisi. Zima vingine vyote, tazama LUKU kwa saa moja.

Usishike swichi kwa mikono uliyooshea viazi. Mafuta yakishika moto, zima umeme, funika kwa kifuniko, maji yakae mbali. Waya usipite njiani pa wateja. Watoto wasicheze karibu, hata wakikwambia wanaangalia tu.