Una lisansi ya chuo kikuu na unataka kuingia Polisi? Jiandae hivi, ukiwa Lubumbashi

Tangazo la Polisi ya Taifa ya Kongo (PNC) likitoka, vijana waliomaliza Unilu (Chuo Kikuu cha Lubumbashi) hukimbilia kupanga makaratasi, wakiamini lisansi itawabeba. Lisansi inakusogeza karibu na upande wa maofisa, lakini haikupunguzii hata kilomita moja ya mbio, wala haikupi cheo kabla ya mafunzo. Msomi huangushwa zaidi na miguu yake, na baadaye na PV (procès-verbal, maandishi rasmi ya mahojiano) asizojua kuandika. Vyote viwili unaweza kuvifanyia kazi nyumbani. Jipe miezi mitatu, na usingoje tangazo ndipo uanze.

Dosie tuimalize haraka. Tandika mezani kadi ya mpiga kura, cheti cha kuzaliwa, diploma ya Leta (ya kumaliza sekondari) na diploma ya chuo kikuu (au attestation, kama diploma yenyewe haijatoka). Linganisha majina yote na tarehe ya kuzaliwa, herufi kwa herufi. Ukiwa Mukalay kwenye diploma na Mukalayi kwenye kadi, anayepokea dosie ana haki ya kuuliza kama ni mtu mmoja. Kama hukuandikishwa ulipozaliwa, itabidi upate hukumu ya tribunal de paix ndipo komini ikutolee cheti. Anza na hiyo, maana inakula muda. Kazie (casier judiciaire, cheti cha rekodi ya makosa), cheti cha mwenendo mwema na cheti cha daktari viache mwisho, kwa kuwa hupitwa na wakati upesi. Toa nakala tatu za kila karatasi, zigongwe muhuri komini. Usitoe karatasi ya asili bila sababu iliyoandikwa kwenye tangazo. Umri, urefu na masharti mengine yasome kwenye tangazo lenyewe, komisaria ya mkoa, si kwenye ujumbe unaozunguka WhatsApp. Mtu akikuomba franga ili "apitishe jina lako", chukua dosie yako uondoke.

Sasa miguu. Wiki mbili za kwanza, toka mara tatu kwa wiki: kimbia dakika 2, tembea dakika 1, hadi zitimie dakika 20. Kutoka wiki ya tatu hadi ya sita, punguza kutembea kidogo kidogo mpaka ukimbie dakika 30 bila kusimama, kwa mwendo unaokuruhusu kuongea sentensi nzima. Ukishindwa kuongea, umeenda mbio mno. Wiki sita za mwisho kila siku iwe na kazi yake: siku moja mita 400 mara sita kwa nguvu, ukipumzika dakika 2 kati ya mbio na mbio, siku nyingine kilomita 3 kwa saa ya mkononi, na uandike muda, siku ya tatu kilomita 8 polepole. Barabara ya Kasapa inafaa alfajiri kabla magari hayajajaa, lakini kimbilia pembeni kwenye udongo, si kwenye lami. Mwezi wa sita na wa saba vumbi na baridi vinakausha koo: tembea dakika 10 kwanza, na unywe maji hata kama husikii kiu.

Siku zisizo za mbio piga pompu (push-up). Tafuta idadi yako ya juu kabisa, chukua nusu yake, uifanye mara tano na mapumziko ya sekunde 90. Mwenye kufikia 20 anafanya 10 mara tano. Kila wiki mbili pima upya.

Mfupa wa mbele wa mguu ndio unaomaliza wengi. Unauma kwa sababu mtu ameongeza umbali ghafla, au anakimbia na viatu vilivyokwisha soli. Maumivu yaliyotawanyika kando ya mfupa yanahitaji mapumziko ya wiki moja au mbili. Yakiwa mahali pamoja, padogo kama ncha ya kidole, na yanauma hata ukitembea, huenda mfupa umeanza kupasuka: acha kukimbia na umwone daktari. Mwambie huyo daktari akupime pia presha, macho na ngiri, maana ngiri ikitibiwa mapema unapata muda wa kupona. Bottines (buti za kazi) nazo zivae nyumbani saa moja kwa siku, soksi nyembamba ndani na nzito juu, mpaka ngozi ya kisigino izoee.

PV ndiyo silaha ya msomi, na ndipo lisansi yako itakapoonekana. Si kila polisi ni OPJ (officier de police judiciaire, ofisa wa upelelezi wa makosa): uwezo huo hutolewa rasmi, kwa kiapo. Lakini ofisa asiyeweza kuandika anamharibia kazi hata OPJ. Fanya zoezi na rafiki: yeye ni mlalamikaji aliyeibiwa simu kwenye soko la komini ya Kenya, hapa Lubumbashi. Muulize kwa Kiswahili, andika kwa Kifaransa. Anza na tarehe kwa maneno, si kwa tarakimu, kisha saa, jina na cheo cha anayeandika. Halafu utambulisho wa anayehojiwa: majina, wazazi, mahali na tarehe ya kuzaliwa, asili yake, kazi, hali ya ndoa, anwani. Maswali na majibu yafuatane, kila jibu kwa maneno ya msemaji. Akisema "walinipiga", usiandike hivyo ukapita. Walikuwa wangapi? Kwa mkono au kwa kitu? Wapi mwilini? Nani aliona? Msomee yote kwa lugha anayoielewa kabla hajatia sahihi. Ukikosea neno, lipige mstari mmoja, libaki likisomeka, na mtie sahihi pembeni. Neno lililofutwa kwa kufunikwa linampa wakili pa kushika. Mwisho wa PV ni kiapo: « Je jure que le présent procès-verbal est sincère. »

Pamoja na zoezi hilo, jifunze sheria utakayoitumia kila siku. Ibara ya 18 ya Katiba ya 2006 inataka aliyekamatwa aambiwe sababu kwa lugha anayoielewa, aweze kuwasiliana mara moja na familia au wakili, na asikae kasho (selo ya polisi) zaidi ya saa 48 bila kuachiwa au kupelekwa mbele ya mwenye mamlaka ya sheria. Ordonansi nambari 78-289 ya tarehe 3 Julai 1978 ndiyo inayoeleza mipaka ya OPJ. Deni la kawaida si kosa la jinai, hata mkopeshaji apige kelele vipi mlangoni pa sous-ciat (kituo kidogo cha polisi). Umfunge mdeni na ni wewe uliyevunja sheria. Ibara ya 28 nayo inasema hakuna anayelazimika kutekeleza amri iliyo wazi kwamba ni haramu. Ijue kwa moyo kabla hujavaa sare, kwa sababu amri ya namna hiyo haikupi muda wa kufungua kitabu.

Amri za gwaride ni Kifaransa, lakini kambini Lingala inasikika sana: jifunze salamu, hesabu, na maneno ya kuitwa na kutumwa. Na kwa kuwa polisi anaweza kupangiwa mkoa wowote wa nchi, liongee na mke, mume au wazazi kabla ya kutia sahihi. Ukiulizwa kwenye mahojiano kama utakubali Mbandaka au Kananga, jibu liwe limeshaamuliwa nyumbani.