Somo: Kupima kristali ya saa yako kwa pigo la GPS

Ukishajenga saa, swali linalobaki ni moja: inakimbia au inachelewa, na kwa kiasi gani? Somo hili ni la saa yenye ATmega328P (chipu ndogo inayoendesha programu) na kristali ya 16 MHz, yaani mipigo milioni 16 kwa sekunde. Cha kuongeza ni moduli ya GPS yenye pini ya PPS, inayotoa pigo moja kila sekunde, na chipu ya 74HCT14.

1. Pitisha PPS kwenye 74HCT14 iliyolishwa volti 5. Moduli nyingi hutoa volti 3.3, na ATmega ya volti 5 inadai angalau 3.0 ili ilitambue pigo, nafasi ni finyu mno. Chipu hii hugeuza pigo, kwa hiyo pima ukingo unaoshuka.

2. Peleka pigo kwenye ICP1, pini ya kunasa muda (ni pini ya 8 kwenye bodi ya Arduino Uno). Taima 1, kaunta ya ndani ya chipu inayohesabu mipigo ya kristali, itanakili hesabu yake kwenye rejista ya ICR1 papo hapo, bila kuisubiri programu.

3. Iache taima izunguke, usiirudishe sifuri. Hujaa kila hesabu 65,536, yaani kila milisekunde 4.096, nawe unahesabu mijao. Wengi hukwama hapa: pigo likiingia mara tu taima inapojaa, ICR1 huwa ndogo lakini mjao bado haujahesabiwa, na jibu linaruka kwa 65,536. Kwa hiyo ICR1 ikiwa chini ya 32,768 huku bendera ya TOV1 (ishara kwamba taima imejaa) imewaka, ongeza mjao mmoja kwenye jibu tu, si kwenye kaunta.

4. Hesabu kamili ya pigo ni mijao mara 65,536, jumlisha ICR1; ipunguze kwa hesabu ya pigo lililotangulia. Ukipata 16,000,160, kristali inakimbia kwa sehemu 10 kwa milioni: sekunde 0.864 kwa siku. Kisha linganisha mapigo yaliyoachana sekunde 1,000. Kosa la hesabu moja, nanosekunde 62.5, halikui, ila sasa linagawanywa kwa muda mrefu zaidi. Uvumilivu huu unashinda vifaa vingi vya bei.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, Uno yangu inayumba sana, hesabu haitulii.*
Uno R3 huiendesha ATmega kwa rezoneta ya kauri, si kristali. Haifai kwa saa.

*Nikitaka kupima kwa usahihi wa chini ya nanosekunde 62.5?*
Chaji kapasita ya 1 nF aina ya C0G (isiyoyumbishwa na joto) kupitia rezista kati ya pigo na mpigo unaofuata wa saa, kisha soma volti kwa ADC (kipima volti cha ndani ya chipu). Lakini PPS ya moduli rahisi yenyewe hucheza makumi ya nanosekunde, kwa hiyo subiri mpaka uwe na osileta (kitoa mipigo) inayotunzwa kwenye joto tulivu.

*Asubuhi napata hesabu 150 juu ya milioni 16, mchana 130.*
Ni joto. Andika nyuzi kando ya kila kipimo, ndipo utaweza kurekebisha kwa programu.