Somo: Kufundisha Fahrenheit 451 bila kuigeuza hadithi ya serikali mbaya tu

Walimu wenzangu, riwaya hii ya Ray Bradbury, iliyotoka Marekani mwaka 1953, ina namna moja ya kuharibika darasani. Mwalimu anasema serikali dhalimu inachoma vitabu, wanafunzi wanaandika kwamba udhibiti ni mbaya, kengele inalia. Riwaya yenyewe haisemi hivyo. Kapteni Beatty, mkuu wa kikosi kinachochoma vitabu, anamweleza Montag, mhusika mkuu aliye mchomaji katika kikosi hicho, kwamba amri haikuanzia juu. Watu waliacha kusoma kwanza. Vitabu vikafupishwa, kila kundi lililochukia jambo likaondolewa jambo lake, na serikali ikafika mwisho, kazi ikiwa karibu imekwisha. Mwanafunzi asiyekutana ana kwa ana na hoja hiyo hajaisoma riwaya, hata akijua majina ya wahusika wote.

Mpango huu ni wa Kidato cha Tano na cha Sita, vipindi 12 vya dakika 40, vitatu kwa wiki.

Hatua ya 1: Kagua nakala zako

Fungua ukurasa wa haki za uchapishaji uangalie mwaka. Mwaka 1967 mchapishaji, Ballantine, alitoa toleo la shule ambamo sehemu zipatazo 75 zilibadilishwa. Maneno ya laana yaliondolewa, na mtu mlevi akageuzwa mgonjwa. Katika miaka ya 1970 ikafika mahali toleo hilo lililokatwa ndilo pekee lililokuwa likiuzwa. Bradbury alilijua hilo kwa barua za wanafunzi waliokuwa wakiisoma riwaya, akadai matini kamili irudishwe, na mwaka 1979 akaandika nyongeza fupi kulisimulia jambo lenyewe. Nakala za mitumba zilizochapwa kati ya 1967 na 1979 zitilie shaka. Ukiipata moja usiitupe: weka kando, itakufaa katika hatua ya 4.

Hatua ya 2: Igawe mwenyewe

Riwaya ina sehemu tatu tu, haina sura, na sehemu ya kwanza ndiyo ndefu kuliko zote. Ukiwaambia "someni sehemu ya kwanza mpaka Jumatatu", nusu ya darasa itaishia kwa Clarisse, msichana jirani anayekutana na Montag mwanzoni. Kata kwa matukio, si kwa kurasa, kwa kuwa kurasa hutofautiana toleo hadi toleo. Sehemu ya kwanza ikate mara nne: hadi Mildred, mke wa Montag, anapotibiwa usiku, hadi bibi mzee aliyeficha vitabu anapowasha kiberiti mwenyewe, hadi mwisho wa ziara ya Beatty, kisha vitabu vilivyofichwa. Ya pili ikate mara mbili, mwisho wa mazungumzo na Faber, profesa mstaafu, ukiwa mpaka. Ya tatu nayo mara mbili, kwenye mto.

Onyo kuhusu kipande cha kwanza kabisa: Mildred amemeza chupa nzima ya vidonge vya usingizi. Waambie wanafunzi kabla hawajafika hapo, usimsomeshe mtu tukio hilo kwa sauti, na kama shule ina mwalimu wa ushauri nasaha mjulishe mapema. Lakini usiliruke. Wanaokuja kumsafisha tumbo ni mafundi wawili wenye mashine, si madaktari, kwa sababu kesi za namna hiyo ni nyingi kila usiku hata haziiti daktari tena. Humo mna habari ya jamii nzima.

Hatua ya 3: Zoezi la kufupisha, kabla ya kusoma chochote (kipindi 1)

Chukua tahariri ya maneno kama 400 yenye mzozo wa pande mbili. Kundi A linaifupisha hadi maneno 150. Kundi B linapokea yale 150 tu na kuyafanya 50. Kundi C linapokea 50 na kuyafanya 12. Toa dakika 10 kwa kila kundi. Wanaosubiri wape swali la kuandika. Kisha soma tahariri yote kwa sauti.

Zoezi hukwama kwa jambo moja: kundi la pili likiiona tahariri ya awali, linarudisha kilichopotea na hakuna wa kujifunza. Ifungie mezani.

Mwishoni wahesabu ni mara ngapi maneno kama "kwa sababu", "ingawa", "huenda" na "hata hivyo" yametumika katika kila toleo. Majina na namba hudumu. Viungo vya hoja hufa kwanza. Baada ya hapo Beatty akisema kwamba vitabu vikuu vilikatwa vikawa vipindi vya redio vya dakika 15, kisha safu ya kusomwa kwa dakika 2, kisha mistari kumi au kumi na miwili ya kamusi, darasa litakuwa limekwisha kuliona hilo kwa mikono yake.

Hatua ya 4: Hotuba ya Beatty (vipindi 3)

Hapa usiwe na haraka. Wanafunzi huielekea hotuba hii kwa njia mbili, zote mbovu: wengine humeza kila neno kwa kuwa Beatty ana ufasaha, wengine hulikataa kila neno kwa kuwa ni adui.

Kipindi cha kwanza: wasome kimya, kila mmoja achore jedwali la safu tatu: Beatty anadai nini, ametoa ushahidi gani, na ni mhusika gani tumemwona akiishi hivyo. Safu ya tatu ndiyo yenye kazi. Mildred na kuta zake tatu za runinga, anayetaka ya nne, anathibitisha mengi ya Beatty bila kujua.

Kipindi cha pili ni cha kukagua ukweli. Kitabu cha kanuni cha kikosi, kinachosomwa kituoni kabla ya tukio la bibi mzee, kinadai kikosi kilianzishwa mwaka 1790 kuchoma vitabu vyenye mwelekeo wa Kiingereza, na kwamba wa kwanza alikuwa Benjamin Franklin. Wape wanafunzi ensaiklopidia. Watakuta Franklin alisaidia kuanzisha kikosi cha kujitolea cha kuzima moto Philadelphia mwaka 1736, alifariki mwaka huohuo wa 1790, na kazi yake ilikuwa kupiga chapa. Anayechoma vitabu hana budi kuandika upya historia, na hakuna kitabu kilichobaki cha kumsuta.

Kipindi cha tatu ni cha mdahalo. Beatty anataja kwa pumzi moja kitabu cha watoto kinachowadhihaki watu weusi na riwaya inayolaani utumwa: hawa hawakupenda hiki, wale hawakupenda kile, vyote vikachomwa. Je, malalamiko hayo mawili yana uzito sawa? Mimi naona hapana, na hapo ndipo hoja yake inapovuja. Anayelalamikia kudhalilishwa na anayelalamikia kukumbushwa dhuluma hawasimami mahali pamoja. Waache wanafunzi wapafike wenyewe. Kama ulipata nakala iliyokatwa, ilete hapa uilinganishe na nzima.

Hatua ya 5: Faber (vipindi 2)

Faber anataja vitu vitatu vinavyokosekana: ubora wa habari, nafasi ya kuitafakari, na haki ya kutenda kutokana na viwili hivyo. Anasema pia kwamba kinachohitajika si vitabu vyenyewe, kwani yaliyomo yangeweza kuwa hata katika redio na runinga. Andika hilo ubaoni, liache hadi mwisho wa riwaya.

Hatua ya 6: Kuhifadhi kwa ghibu (dakika 20 za kugawa, na kipindi 1 wiki moja baadaye)

Mwishoni Montag anawakuta watu walioweka vitabu kichwani. Nusu ya darasa ihifadhi beti 4 za utenzi, yaani vipande 16 vya mizani 8, jumla mizani 128. Nusu nyingine ihifadhi nathari yenye silabi zipatazo 128. Baada ya siku 7 kila mmoja aandike bila kutazama. Vina na mizani huwashika wa utenzi. Wa nathari hubaki na maana huku maneno yakibadilika. Ndipo uulize: kati ya riwaya na utenzi, kipi kingevuka salama kwenye kundi la Granger, kiongozi wa watu hao? Wanaojua watu waliohifadhi Kurani watakuwa na mengi ya kusema kuhusu kusahihishana, kwa kuwa mhifadhi asiye na wa kumsikiliza huteleza.

Vipindi vitano vilivyobaki ni vya kujadili vipande vilivyosomwa nyumbani, na cha mwisho kati yake ni cha insha.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, Tanga:* Shikamoo mwalimu. Nina nakala 6, wanafunzi 48. Nifanyeje?

Marahaba. Makundi ya wanane, nakala moja kila kundi, msomaji akibadilika kila kurasa mbili. Usomaji huo wa sauti unakula muda, kwa hiyo panga vipindi 16 badala ya 12. Hotuba ya Beatty ndiyo pekee inayohitaji kuwa mbele ya kila jicho. Iandike ubaoni kwa mafungu, wainakili. Tukio la vidonge lisimulie wewe kwa ufupi.

*Mkutubi wa shule, Nairobi:* Mzazi analalamikia maneno ya laana. Tuyafute kwa wino?

Hapana. Mwonyeshe kilichotokea 1967, na mwambie maneno hayo yanasemwa na nani na katika hali gani. Shule ikiamua riwaya haifai, fundisheni kitabu kingine. Nakala iliyofutwa kimyakimya ndiyo mbaya kuliko yote, maana mwanafunzi hajui kwamba amenyimwa kitu.

*Mwalimu, Kisumu:* Insha zote zinasema "simu zinaua vitabu". Nimechoka kuzisahihisha.

Warudishe kwa maneno ya Faber uliyoyaacha ubaoni. Swali langu ni hili: "Kifaa hakiui fikra. Jadili kwa kumtumia Faber, Mildred na Beatty." Alama 20: 8 za ushahidi kutoka matukio yasiyopungua manne, 6 za kujibu hoja pinzani, 4 za mpangilio, 2 za lugha. Asiyemjibu Beatty asipite 12.

*Mwalimu, Mombasa:* Kuna mfano wa kwetu wa kulinganisha?

Upo. Abdilatif Abdalla alifungwa mwaka 1969 hadi 1972 kwa kijikaratasi "Kenya: Twendapi?", akaandika mashairi gerezani yaliyochapishwa mwaka 1973 kama *Sauti ya Dhiki*. Usiuseme kuwa mfano uleule. Hapo dola ndiyo iliyotangulia kunyamazisha, na wasomaji walikuwepo wakingoja. Mpe mwanafunzi kisa hicho baada ya hotuba ya Beatty, umwulize nadharia ya Beatty inakieleza au inashindwa.

*Mwalimu, Morogoro:* Naweza kuanza na filamu?

Ile ya mwongozaji Mfaransa Truffaut ya 1966 ionyeshe mwisho. Ndani yake Clarisse anabaki hai, mbwa wa mashine hayupo, na mke wa Montag anaitwa Linda. Mwanafunzi aliyeianza huyaandika hayo kwenye mtihani wa riwaya. Akiitazama baadaye, mwambie aorodheshe yaliyobadilishwa na kwa nini, dakika 15 zinatosha.