Jino likivunjika, okota kipande ukiweke ndani ya maziwa

Hapa Goma, kwa mawe yetu haya ya volkano na moto (pikipiki) zinazoteleza, meno ya mbele yanavunjika kila mara, na watu wanatupa kipande. Msitupe! Kitafuteni chini, na ndani ya mdomo pia, maana mara nyingine kinajificha kwenye mdomo uliopasuka. Kitieni ndani ya kikombe cha maziwa ya kawaida, kisha mwende kwa daktari wa meno siku hiyo hiyo. Kipande kikikauka kinapauka, na gundi ya daktari haishiki vizuri. Kikibaki na unyevu anaweza kukirudisha mahali pake, rangi ileile. Mashanza (maziwa yaliyoganda) hayafai, yana uchachu. Hamna maziwa? Mate ya mwenye jino yanatosha kwa muda.

Njia hii inashindikana kama kipande kimesagika au jino lenyewe limeoza. Hapo daktari atajenga upya kwa resini, ile dawa ya kuzibia yenye rangi ya jino. Mkiona kidoti chekundu katikati ya jino, mshipa uko wazi: msingoje kesho.

Jino zima la kudumu (si la utoto) likitoka na mzizi wake, haraka ni zaidi. Lishikeni upande wa kutafunia, msiguse wala kusugua mzizi, mlirudishe kwenye shimo lake ndani ya dakika chache, au mlitie kwenye maziwa. La utoto halirudishwi, linaweza kuumiza lile linaloota chini yake. Na supaglu, tafadhali, hapana kabisa.