Kusoma wosia wa Kijerumani wa enzi za mkoloni

Wosia niliouokota kwenye sanduku la bibi, hapa Kirumba, una mwandiko wa Kurrent, yaani mwandiko wa mkono wa Kijerumani wa zamani. Usikimbilie kamusi, nakili herufi kwanza. Herufi e yao inafanana na n, s ndefu (umbo la zamani la s) inafanana na f, na u huvishwa kikofia isichanganywe na n. Nilipoteza jioni mbili kwa n moja!

Kisha saka maneno yanayoanza na Erb. Hapo pana mtego: der Erbe ni mrithi, das Erbe ni urithi wenyewe, Erblasser ni marehemu aliyeacha mali. Mimi nilimgeuza marehemu kuwa mrithi, shangazi akacheka mpaka chai ikamwagika. Vermächtnis ni kitu alichoachiwa mtu bila kufanywa mrithi, tuseme saa.