"Asha ni mwalimu" na "Asha ndiye mwalimu": somo la kueleza na kutambulisha kwa Kiingereza

Ukisahihisha madaftari ya wanaojifunza Kiingereza, kosa moja hurudi karibu kila ukurasa: "She is teacher." Siwalaumu. Kwetu "yeye ni mwalimu" imekamilika, haina pengo, na anayeihamisha neno kwa neno haoni kilichopotea njiani. Leo tutaziba pengo hilo kwa kitu ambacho tayari mnacho mdomoni.

Sema kwa sauti: Asha ni mwalimu. Halafu: Asha ndiye mwalimu. Hakuna anayezichanganya. Ya kwanza inaeleza: unamweka Asha katika kundi la walimu, nao ni wengi. Ya pili inatambulisha: tunajua kuna mwalimu fulani anayezungumziwa, tulichokuwa hatujui ni nani, sasa tunaonyeshwa. Kiingereza hakina "ndiye". Kina "is" tu kwa kazi zote mbili, na tofauti hubebwa na kineno kilicho mbele ya nomino.

"Asha is a teacher." Asha ni mwalimu.
"Asha is the teacher." Asha ndiye mwalimu.
"Asha is not a teacher." Asha si mwalimu.
"Asha is not the teacher." Asha siye mwalimu.

Vitu navyo ni hivyo hivyo: "This is a key", huu ni ufunguo, "This is the key", huu ndio ufunguo. Anayesema ya pili alikuwa akiutafuta.

Hatua ya 1: tafuta swali linalojibiwa

Kila sentensi ya namna hii hujibu swali, hata kama halikuulizwa. "What does she do?" ni swali la kazi, nalo hujibiwa kwa maelezo: "She is a nurse." "Who is the nurse here?" linataka mtu anyooshewe kidole: "She is the nurse." Ukiingia kwenye usaili ukasema "I am the engineer", anayekusikiliza atajiuliza, injinia yupi? Ulitaka kumwambia taaluma yako, kwa hiyo ni "I am an engineer."

Hatua ya 2: ukieleza mtu mmoja, weka "a" au "an"

Kinachoamua kati ya hizo mbili ni sauti inayofuata, si herufi. "An hour", kwa sababu h haitamkwi. "A university student", kwa sababu neno linaanza kwa sauti ya "yu". Katika wingi zote zinaondoka: "They are nurses."

Kivumishi kikisimama peke yake hakitaki chochote: "He is rich." Ukiandika "He is a rich" umeahidi nomino na hukuileta. Ilete: "He is a rich man."

Hatua ya 3: ijaribu kwa kuigeuza

Sentensi inayotambulisha hugeuka bila shida: "Asha is the teacher", "The teacher is Asha." Inayoeleza hugoma: "A teacher is Asha" haisemwi. Ukiwa na shaka, igeuze uisikilize.

Hatua ya 4: vyeo vya mtu mmoja

Cheo kikishikwa na mtu mmoja tu kwa wakati, Kiingereza huruhusu kukitaja bila kineno chochote: "She is captain of the team", "They elected her president", "He was appointed director." Ruhusa hii ni ya vyeo tu. Taaluma haimo, kwa hiyo bado ni "She became a doctor."

Hatua ya 5: "as" na "like"

Hapa naomba tukae kidogo, maana "kama" yetu inabeba maneno yao mawili, na kosa lake halionekani kwa urahisi. Sentensi hutoka safi kabisa, ila inasema jambo jingine.

"As" ni ya mtu aliye katika nafasi hiyo kweli. "Like" ni ya anayefanana naye tu. "He works as a driver": ni dereva, ndiyo kazi yake. "He talks like a driver": huenda hajawahi kushika usukani. Sasa zisome hizi mbili polepole:

"As your mother, I want you to rest."
"Like your mother, I want you to rest."

Anayesema ya kwanza ndiye mama mwenyewe, anatumia haki yake ya umama. Anayesema ya pili ni mtu mwingine, labda jirani, anayekubaliana na mama. Herufi chache tu, na mzazi amebadilika.

Kwa vitu, "as" huonyesha kazi ambayo kitu kimepewa: "We used the box as a table", tulilitumia sanduku kama meza. Tukisema "The box looks like a table", tunazungumzia umbo lake, na huenda hakuna aliyewahi kula chakula juu yake.

Hatua ya 6: kwanza "it", kisha "he" au "she"

Mlango ukigongwa na mtu akauliza "Who is it?", jibu ni "It's me" au "It's Asha." Kwenye simu husemwa "This is Asha." Wengi huona aibu kumwita mtu "it", wakidhani ni kumdharau. Si dharau, hapo bado anatambulishwa. Akishajulikana, tunahamia kwenye kiwakilishi chake: "Who is that man?" "It's my uncle. He is a driver." Sentensi ya kwanza imemtambulisha, ya pili imemweleza.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, shikamoo. Naomba kuuliza: "My brother who is a doctor" ina tofauti gani na ile yenye mkato?*

Marahaba. Tofauti ni kubwa. "My brother who is a doctor lives in London": nina kaka zaidi ya mmoja, na udaktari unakuonyesha ni yupi. "My brother, who is a doctor, lives in London": ninayemtaja ameshajulikana, na udaktari ni habari ya nyongeza. Bila mkato unatambulisha, ukiweka mkato unaeleza.

*Nimeona "the secretary and treasurer is here", nikadhani ni kosa. Si walitakiwa waandike "are"?*

Si kosa. "The" moja, mtu mmoja mwenye vyeo viwili. Wakiwa wawili kila mmoja hupewa yake: "The secretary and the treasurer are here."

*Kuna mahali "ndiye" inanikwamisha. "Marie Curie alikuwa mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel." Hakuna "ndiye", lakini Kiingereza kimeweka "the first woman". Kwa nini?*

Swali zuri sana, nashukuru umelileta. Alipoipata mwaka 1903 hakuwa na mwenzake katika nafasi hiyo, na wa kwanza hawezi kuwa zaidi ya mmoja. Maneno kama "first", "last", "only" na "best" hufunga mlango kwa wengine, hivyo huvuta "the" hata pale Kiswahili kinaporidhika na "alikuwa". Kazi yake ikitajwa bila neno la namna hiyo, tunarudi kwenye "a": "Marie Curie was a physicist."

*Na "Asha ndiye anayetufundisha" nitaisemaje?*

"It is Asha who teaches us." Au sema "Asha teaches us" ukilikazia jina lake sauti. Katika maandishi mkazo hausikiki, kwa hiyo tumia ya kwanza.

*Bosi wangu aliambiwa "A Mr Brown is looking for you." Jina la mtu nalo linawekewa "a"?*

Ndiyo. Aliyesema hivyo hamjui huyo Brown, na anadhani huenda bosi naye hamjui. Kwa Kiswahili angesema: kuna mtu anaitwa Bwana Brown, anakutafuta.