Matatizo ya kurithi ya mapigo ya moyo: jinsi ya kumlinda mzee wako

Wengi wanajua matatizo ya kurithi ya mapigo ya moyo ni ya vijana, yule mchezaji anayedondoka uwanjani, kwa hiyo mzee akifika miaka 70 wanasema basi huyu keshavuka. Hapana jamani. Mtu anaweza kubeba hitilafu ya jeni maisha yote ikiwa imelala, halafu ikaamka uzeeni, na mara nyingi kinachoiamsha ni dawa alizoandikiwa kwa ugonjwa mwingine kabisa.

Anza na historia ya ukoo, kabla hata ya hospitali. Kaa na mzee ila usimuulize "kwenu kuna ugonjwa wa moyo?" maana atakwambia hakuna. Muulize nani alikufa ghafla akiwa bado kijana, nani alilala hakuamka, nani alizama majini na kuogelea alikuwa anajua, nani aliambiwa ana kifafa na dawa za kifafa hazikumsaidia. Andika kila jibu pamoja na umri. Kuzama na kifafa nimevitaja makusudi, kwa sababu kuna hali inaitwa QT ndefu, yaani moyo unachelewa kujiweka sawa baada ya kila pigo, na aina yake moja huwa inaamshwa na kuogelea, nyingine na mlio wa ghafla kama wa alamu, na mtu akizimia kwa sababu ya moyo mwili unaweza kutikisika mpaka mkaapa ni kifafa.

Kisha apimwe ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo. Haiumi, ni dakika chache tu. Uliza QTc yake ni ngapi, yaani ule muda wa QT uliorekebishwa kulingana na kasi ya mapigo, na uombe nakala ukae nayo. Mwanaume akipita milisekunde 450 au mwanamke 460 inabidi kuangalia kwa makini, ikipita 500 hiyo ni hatari kweli. Lakini ECG moja safi isikulaze usingizi, hizi hitilafu zinajificha, ile ya Brugada kwa mfano, hitilafu nyingine ya kurithi ya umeme wa moyo, inaweza isionekane kabisa mpaka siku mtu ana homa, ndo maana mwenye Brugada homa yake inashushwa haraka, haisubiriwi.

Sasa dawa, na hapa naomba usiharakishe. Kusanya kila anachomeza mzee, hata za kununua tu dukani, weka kwenye mfuko mmoja upeleke kwa daktari au mfamasia. Za presha zinazokojoza sana kama furosemaidi zinatoa potasiamu na magnesiamu mwilini, madini ambayo moyo unayahitaji ili upige sawasawa. Azithromaisini na klarithromaisini, ambazo ni antibiotiki, zinaweza kurefusha QT, haloperidoli ya magonjwa ya akili pia, klorokwini ya malaria pia, na sitalopramu ya sonona ambayo kwa aliyepita miaka 60 inashauriwa isizidi miligramu 20 kwa siku. Moja moja pengine angezihimili, ila mchanganye mbili tatu, figo zimechoka, halafu aharishe siku mbili, hapo moyo unaweza kwenda ovyo. Usimwachishe dawa wewe mwenyewe lakini! Hasa za kundi la beta bloka, zile zinazopunguza kasi ya moyo, kuziacha ghafla kuna hatari yake.

Mzee akianguka usikimbilie kusema kateleza. Muulize kama anakumbuka alivyoanguka. Kweli wazee wanazimia kwa mambo mengi, upungufu wa maji, presha kushuka akisimama, umeme wa moyo kuchoka kwa umri tu, ila aliyezimia akiwa amekaa au amelala, bila dalili yoyote, au moyo ulienda mbio kwanza, huyo aonwe siku hiyo hiyo. Na akidondoka haitiki, hapumui kawaida, ita msaada na umkandamize katikati ya kifua kwa nguvu, kama sentimita 5 kwenda chini, mara 100 hadi 120 kwa dakika, usiache mpaka msaada ufike.

Kuna wanaosema ana miaka 80, kipimo cha jeni cha nini? Nyingi ya hitilafu hizi kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi, na upimaji wa ukoo unaanza vizuri zaidi kwa yule mwenye tatizo lenyewe. Badiliko la jeni likipatikana kwake, watoto na wajukuu wanatafutiwa hilo hilo moja, asiyekuwa nalo anaachana na vipimo vya kila mwaka. Kwa hiyo mpime akiwa bado yupo, na majibu yake kila mtoto awe na nakala.